Kidonda Kisichopona Kisikae Nyumbani

Haya ni maneno ya hotuba aliyoitoa katibu wetu wa vijana mbele ya wanachama na wakulima wa Nachingwea, kisha akairudia Ruangwa, kabla ya msimu wa kuokota korosho. Tunaichapa yote kwa kuwa wanachama wa matawi ya mbali wameomba kuisoma.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, na ninyi vijana wenzangu,

Nashukuru kwa nafasi hii. Najua kuna waliosikia jina langu wakadhani nimekuja kudai ada. Leo sikuja na kitabu cha risiti. Nimekuja kusema juu ya ngozi: ngozi ya mtu anayefanya kazi juani, yaani ngozi yangu na yako. Na neno nitakalolisema ni moja tu, nanyi mtaniwia radhi nikilirudia mara nyingi, kwani mimi ni mwalimu, na mwalimu asiyerudia hafundishi. Neno lenyewe ni hili: kidonda kisichopona kwa mwezi mmoja kisikae nyumbani.

Pengine mtu atauliza, mambo ya vidonda yana uhusiano gani na mkutano wa chama? Tangu nchi hii ijitawale mwaka 1961 tumekuwa tukiambiwa kwamba maadui wetu ni watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Ugonjwa nitakaousema leo ni wa ajabu, kwani adui hao watatu huungana ndani yake. Mtu huugua kwa sababu analazimika kufanya kibarua juani; huo ni umaskini. Hukaa na ugonjwa kwa sababu haujui. Huo ni ujinga. Mwisho maradhi humaliza kazi ambayo wenzake wameianza.

Ninyi ni wakulima wa korosho, basi nianze na mkorosho. Mwezi huu miti imetoa maua. Hakuna mkulima hapa anayelala usingizi mzuri wakati wa maua. Asubuhi anakwenda shambani, anashika shada, analigeuza, anatazama kama kuna unga mweupe. Anatafuta ubwiri unga. Akiuona kidogo tu, anatafuta salfa siku hiyo hiyo. Hasemi, ngoja nione wiki ijayo. Hasemi, labda utaondoka wenyewe. Anajua kwamba ubwiri ukishashika shada zima, hata alete mifuko ishirini ya salfa, korosho hapati.

Sasa nawauliza, ndugu zangu: ni nani kati yetu aliyeitazama ngozi yake mwezi huu kama alivyolitazama ua la mkorosho? Ni nani aliyemwambia mkewe au mumewe, hebu nitazame nyuma ya sikio? Tunaukagua mti uliopandwa na babu zetu, lakini mkono ulioshika jembe hatuukagui.

Nasi watu wa Nachingwea tunajua gharama ya kutokagua mapema. Wazee wanaukumbuka au wamesimuliwa Mpango wa Karanga. Mwaka 1947 Waingereza walianza kuleta matrekta na wataalamu katika nchi hii, Kongwa, Urambo na hapa kwetu, ili walime karanga za kwenda Ulaya. Waliharakisha kung'oa miti kabla ya kupima vizuri udongo na mvua. Mwaka 1951 mpango ulikuwa umekwisha, na hasara ilikuwa karibu paundi milioni 36. Hata reli iliyojengwa kutoka Mtwara kuja Nachingwea haikudumu. Ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Lakini fedha hupotea na zikapatikana nyingine. Mtu akipotea, hapatikani mwingine mahali pake.

Sasa tuje kwenye jua lenyewe. Jua ni rafiki yetu; bila jua ufuta haukauki wala korosho haikauki. Lakini ndani ya mwanga wake mna miale ambayo jicho haliioni. Miale hiyo ikiipiga ngozi siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka, huharibu mbegu ndogo ndogo ambazo mwili umejengwa kwazo. Mbegu iliyoharibika inaweza kuanza kukua bila utaratibu, kama gugu lisilong'olewa. Hiyo ndiyo saratani ya ngozi, ambayo wengi huiita kansa. Haiambukizi. Hukamatwi nayo kwa kula pamoja na mgonjwa, wala kwa kulala nyumba moja naye. Wala haikuletwa na jirani mwenye kijicho.

Mwenyezi Mungu ametupa sisi wengi mwavuli ndani ya ngozi. Mwavuli huo ni rangi yetu nyeusi, ambayo wataalamu huiita melanini. Rangi hiyo huizuia miale isipenye ndani sana. Ndiyo maana saratani ya ngozi itokanayo na jua ni haba kwa mtu mweusi. Kwa hiyo mama zangu na dada zangu, na hata vijana wa kiume siku hizi, anayejipaka mkorogo ili awe mweupe anauchana mwavuli wake kwa mkono wake mwenyewe, tena kwa fedha yake.

Lakini kuna ndugu zetu waliozaliwa bila mwavuli huo. Nasema juu ya watu wenye ualbino. Kabla ya kwenda mbele nataka tuliache neno moja hapa hapa mlangoni. Neno zeruzeru tusilitumie tena. Ni neno la kumfanya mtu kuwa kitu, na mkimfanya mtu kuwa kitu, hamtaona ajabu akitendewa kama kitu. Tuliyaona matunda yake katika mauaji ya kinyama yaliyotangazwa sana tangu mwaka 2007, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, nchi nzima ikaona aibu.

Ualbino si laana, wala si mzimu. Ni urithi. Baba na mama, wote wawili, huwa wamebeba mbegu yake bila kuonekana, na kila mimba yao ina bahati moja katika nne ya kumzaa mtoto asiye na rangi. Mama haulizwi amefanya kosa gani, kwa maana hakufanya kosa. Mtoto huyo ana akili kama mwingine. Sisi wa Mkoa wa Lindi hatuna haja ya kubishana juu ya hilo, kwani ni watu wa Lindi Mjini, mwaka 2010, waliompigia kura Salum Khalfani Barwany akawa mbunge wa kwanza mwenye ualbino kuchaguliwa na wananchi katika nchi yetu. Kumbe tunaweza kumchagua mtu atusemee Bungeni. Je, tunashindwa kumwekea kivuli shambani?

Maana panga liliwatisha watu wote, nalo lilistahili kulaaniwa. Lakini muuaji mkubwa zaidi wa ndugu hawa huja kimya kimya, naye ni saratani ya ngozi. Mwaka 1985 madaktari walitoa matokeo ya uchunguzi wa watu 350 wenye ualbino wa Dar es Salaam. Waliona kwamba ngozi huanza kuharibiwa na jua tangu mwaka wa kwanza wa maisha, na kwamba kufikia umri wa miaka 20 kila mmoja wao alikuwa na saratani ya ngozi au dalili zinazoitangulia. Miaka 20, ndugu zangu! Umri ambao kijana anaanza kutafuta shamba lake na mchumba wake. Tena wale walikuwa watu wa mjini. Fikirini juu ya yule anayepalilia ekari kwa ekari.

Hapa naomba ruhusa yenu niseme jambo langu mwenyewe. Sikulisema siku nyingi.

Nilipokuwa chuo cha ualimu nilichaguliwa kuwa kiranja wa kazi. Kazi yangu ilikuwa kuandika zamu: nani atachota maji, nani atafagia, nani atalima shamba la chuo. Katika darasa letu alikuwamo kijana mmoja mwenye ualbino. Alikaa dawati la mbele kwa sababu macho yake hayakuona mbali, na kwa hesabu alitushinda wote. Nami nilikuwa najisifu kuwa kiranja wa haki, nisiyependelea mtu. Kwa hiyo nilimwandika zamu ya shamba kama nilivyomwandika kila mtu, baada ya masomo ya asubuhi, jua likiwa kichwani. Mara moja alinijia akaniambia, "Kiranja, nipe zamu ya alfajiri, hata kama ni mara mbili." Nilimjibu kwamba nikimpa yeye, kesho wataomba wote. Akachukua jembe akaenda. Alikuwa na kofia ndogo yenye ulimi wa mbele tu, ile ya vijana, iliyoacha masikio wazi.

Mwaka wa pili akatokewa na kidonda kwenye ncha ya sikio. Kidogo, kama punje ya mtama. Tulimwambia ameungua jua, itapita. Alipewa dawa ya kupaka, kikakauka, kikarudi. Akapewa nyingine. Muhula ukaisha, ukaja mwingine, na kidonda kikawa na ukubwa wa sarafu. Alipofika kwa daktari aliyejua anachokitazama, ugonjwa ulikuwa umekwisha kushuka kwenye tezi za shingo. Tulipangiwa vituo vya kazi wote. Kituo chake alikwenda mwalimu mwingine.

Sikuisema habari hii ili mnihurumie, wala simlaumu mtu mwingine. Naisema kwa sababu orodha ya zamu niliiandika mimi, kwa mwandiko mzuri, nami niliiita haki. Tangu siku hiyo nimejifunza kwamba usawa si kumpa kila mtu jembe saa ile ile. Usawa ni kila mtu afanye kazi na arudi nyumbani akiwa mzima.

Sasa wewe mwenye ngozi nyeusi usiondoke ukidhani hotuba hii ni ya jirani yako. Saratani ya ngozi inatufikia na sisi, lakini kwa njia nyingine, na kwa kuwa hatuitazamii tunaichelewa zaidi.

Njia ya kwanza ni kidonda cha siku nyingi na kovu la moto. Mnajua donda ndugu, lile la mguuni linalokaa miaka, linafunikwa kwa kitambaa, linazoeleka mpaka linakuwa kama mwenyeji wa nyumba. Mnajua pia kovu la aliyeanguka motoni utotoni, au aliyeunguzwa na mafuta ya ganda la korosho wakati wa kukaanga. Donda la namna hiyo, au kovu linalopasuka na kupona na kupasuka tena, laweza kugeuka saratani baada ya miaka mingi. Jambo hili si jipya. Daktari wa Kifaransa aitwaye Marjolin aliyaeleza madonda ya namna hiyo tangu mwaka 1828, na hata leo jina lake limebaki kwenye ugonjwa huo. Katika Afrika Mashariki saratani ya mguu iliyoanzia kwenye donda la zamani imewakata miguu wakulima wengi. Basi donda likianza kuinua kingo kama ukingo wa tuta, likitoa nyama inayovuja damu kwa kuguswa tu, au likinuka kuliko zamani, lisisubiri mavuno.

Njia ya pili ni nyayo, viganja na kucha. Hapo rangi yetu ni haba, na hapo ndipo mtu mweusi hutokewa na ile saratani kali ya doa jeusi. Hii hailetwi na jua. Wengi wenu mmesikia habari za mwimbaji Bob Marley wa Jamaika, aliyekuja kuimba kule Salisbury, ambayo sasa ni Harare, usiku wa uhuru wa Zimbabwe mwezi wa Aprili 1980. Mwaka 1977 alikuwa na kidonda chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu. Ilidhaniwa ni jeraha la mpira. Ilikuwa saratani. Tarehe 11 Mei 1981 alifariki, naye alikuwa na umri wa miaka 36. Mtu aliyejulikana dunia nzima, mwenye uwezo wa kufika hospitali yoyote, aliangushwa na doa la kidoleni. Je, sisi tunaotembea na ndala shambani, ni nani anayetutazama nyayo?

Sisemi haya ili niwatie hofu. Vidonda vingi si saratani. Michubuko, majipu, fangasi na miiba hupona yenyewe au kwa dawa ndogo. Ndiyo maana nimewapa kipimo kimoja kisichohitaji mashine wala fedha, nacho ni kalenda. Kidonda cha kawaida kinapona ndani ya wiki nne. Kisichopona kinataka macho ya mganga.

Basi tufanye ukaguzi wa ngozi mara moja kila mwezi. Chagueni siku isiyosahaulika, kwa mfano siku mwezi unapoandama. Baada ya kuoga, penye mwanga, mke amtazame mume na mume amtazame mke. Mama awatazame watoto. Anayekaa peke yake amwombe jirani anayemwamini. Anzeni kichwani: masikio mbele na nyuma, pua, mdomo wa chini, paji la uso, kisogo, shingo. Kisha migongo ya mikono, vifua, miguu. Malizieni kwa nyayo, katikati ya vidole na chini ya kucha.

Tafuteni mambo haya. Kwanza, kidonda kilichopita wiki nne. Pili, gamba gumu linalokwaruza kama msasa, linalobanduka na kurudi pale pale, hasa kwa mwenye ualbino. Tatu, kinyama kinachokua, chenye pembe au kidonda katikati. Nne, kovu la zamani lililofunguka. Tano, doa jeusi la nyayo, kiganja au ukucha ambalo ni jipya, au linapanuka, au lina kingo zisizo sawa na rangi zaidi ya moja. Hata moja ya hayo yatosha kukupeleka zahanati. Tena saratani changa mara nyingi haiumi. Usingoje iume.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Saratani ya ngozi ikiwa changa, ufa wenyewe ni mdogo: daktari anakutia ganzi mahali pale, anakata kijinyama, anashona, na mara nyingi siku hiyo hiyo unarudi nyumbani. Yale magamba yanayotangulia saratani huweza kuunguzwa kwa baridi kali, yakaondoka. Lakini ukuta ni safari ya zaidi ya kilomita 500 kwenda Dar es Salaam, hospitali ya Ocean Road, ambayo majengo yake ya kwanza yalijengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19 na leo ni taasisi ya saratani ya taifa. Kule watu wanatibiwa kwa miale na dawa nzito, na wapo wanaopona. Lakini mtu anakaa wiki nyingi mbali na shamba, ndugu wanauza mbuzi na mikorosho kwa ajili ya nauli na chakula, na wengine wanafika wakiwa wamechelewa. Tofauti ya hayo mawili si utajiri. Ni miezi michache.

Njia ni hii: zahanati, kisha kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya. Ukipewa dawa ya kupaka ukamaliza nayo mwezi bila kupona, usirudi kuomba dawa ile ile. Sema kwa adabu lakini kwa uthabiti: "Bwana mganga, kidonda hiki kina mwezi, naomba kipimwe au uniandikie barua ya rufaa." Hiyo ni haki yako. Kuna hospitali ya mkoa ya Sokoine pale Lindi. Kuna hospitali ya Ndanda ambayo wazee wetu wameijua tangu zama za wamisionari. Kule Moshi, hospitali ya KCMC ina chuo kinachofundisha waganga wa ngozi tangu mwaka 1992, na hapo hapo hutengenezwa mafuta ya kujikinga na jua yanayoitwa KiliSun kwa ajili ya watu wenye ualbino. Waulizeni waganga wa wilaya namna ya kuyapata.

Na yule anayepita na mkoba kuuza unga wa kunyunyiza kwenye kidonda, anayesema usiende hospitali watakukata? Mnaijua kangomba: mtu anakuja kabla ya mnada, anakupimia korosho zako kwa bakuli, anakupa fedha kidogo, kisha wewe unabaki unalia. Huyo naye ni kangomba wa afya. Anakununua miezi yako ya kupona kwa bei ya kutupa.

Sasa tuseme juu ya kinga. Sisi tuko kusini ya mstari wa Ikweta kwa nyuzi kama kumi. Kwa sababu hiyo jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka: mara moja katika wiki ya tatu ya Oktoba, na mara ya pili katika wiki ya tatu au ya nne ya Februari. Oktoba ndipo tunapookota korosho. Februari ndipo tulipo katika palizi. Maana yake, siku ambazo jua ni kali kupita zote ndizo siku ambazo tunainama zaidi mashambani. Hatuwezi kulihamisha jua. Lakini saa za kazi twaweza kuzihamisha.

Saa mbaya ni kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri. Asiye na saa atazame kivuli chake: kivuli kikiwa kifupi kuliko wewe, tafuta mti. Wala usidanganywe na mawingu, kwa maana miale hupenya mawingu kama maji yanavyopenya gunia.

Kofia iwe pama la ukindu lenye ukingo mpana pande zote, likinge masikio na kisogo. Ile yenye ulimi wa mbele tu, nimekwisha kuwaambia ilimfaa nini mwenzangu. Nguo iwe ya mikono mirefu, suruali au sketi ndefu, kitambaa kizito. Inyanyue nguo kuelekea mwanga. Ukiona mwanga unapita kama kwenye chujio, jua nalo litapita. Mafuta ya kujikinga na jua hupakwa kabla ya kutoka, na kurudiwa kila baada ya saa mbili hivi, bila kusahau masikio na midomo. Mafuta ya nazi na ya mgando hulainisha ngozi tu, hayazuii jua. Na mtoto mwenye ualbino aanze kukingwa tangu akiwa mgongoni mwa mama, kwani uharibifu wa jua hujumlishwa. Hausameheki kila jioni.

Ndugu Mwenyekiti, nakaribia mwisho. Maneno bila kazi ni ngoma bila wachezaji. Kwa hiyo naleta mapendekezo matano mbele ya matawi ya Nachingwea na Ruangwa.

La kwanza, kila shina litangaze siku ya ukaguzi wa ngozi kila mwezi, watu wakakaguane majumbani mwao. 

La pili, kila mwenye shamba anayeajiri vibarua, na kila msimamizi wa barabara, wa machimbo ya kinywe na wa ujenzi, awaruhusu watu wenye ualbino kuanza kazi alfajiri na kuacha saa nne, kisha kurudi baada ya saa kumi wakitaka, bila kukatwa ujira kwa kipande walichokimaliza. Hili si hisani. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 yamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yakataza ubaguzi kazini.

La tatu, vyama vyetu vya msingi vya ushirika viwape ndugu hawa nafasi katika kazi za kivulini: kuchambua korosho, kuandika vitabu, kulinda mizani ghalani. Na tusiseme hawaoni vizuri. Mwenzangu aliyeketi dawati la mbele alinishinda kwa hesabu.

La nne, kila tawi liwe na mfuko mdogo wa nauli, wa kumpeleka aliyeandikiwa rufaa. Mtu asife kwa kukosa tiketi ya basi.

La tano, watakaozitembelea familia zenye watoto wenye ualbino waende kwa heshima, kama ndugu, na kwa idhini ya wazazi. Sitaki orodha za majina ziandikwe na kutembea vijiweni. Tunajua zama tulizotoka. Tukienda kila tarehe 13 Juni, ambayo ulimwengu umeiweka tangu mwaka 2015 kuwa siku ya kuufahamu ualbino, tusiende kupiga picha. Twende na kofia, na tuulize: je, kuna kidonda hapa nyumbani?

Mzee mmoja aliniambia juzi kwamba kwao kidonda cha mtu ni siri yake. Nilimjibu kwa heshima, baba, wahenga wenyewe walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Alinyamaza kidogo, kisha akavua kiatu akanionyesha kovu la moto lililofunguka tangu masika. Asubuhi yake tulikwenda naye hospitali ya wilaya. Sasa anangoja majibu, nami nangoja pamoja naye. Labda ni donda tu. Labda ni ule ufa. Lakini limetazamwa, na hilo ndilo ninalowaomba.

Wiki chache zijazo tutainama wote chini ya mikorosho. Kila atakayepanga zamu za vibarua wake akumbuke kwamba kalamu yake inaweza kumpa mtu kivuli au kumnyima. Mimi yangu niliitumia vibaya. Ninyi zenu bado mnazo mkononi.

Kidonda kisichopona kwa mwezi mmoja kisikae nyumbani.